Mishono Niliyoifumua

12 Januari

Mdogo wangu,

Kabla ya salamu, kaa. Nakujua, wewe ni mtu wa kusoma barua umesimama mlangoni, mkono mmoja bado umeshika ufunguo. Haya, sasa salamu. Huku sote wazima. Wifi yako kapona mgongo, na nguvu zote zilizorudi anazitumia kunigombeza. Binti yetu kamaliza chuo, anasema atakuandikia, usikae ukimsubiri. Mimi nimeongezeka kilo nne na cheo kimoja.

Ndiyo, cheo. Usidhani bosi wa ukoo ni wewe peke yako na wodi yako ya watoto. Tangu Oktoba mimi ndiye msimamizi wa karakana ya sare. Mwenye karakana aliniita, akanikabidhi ufunguo wa mlango, akasema, "Mzee, humu ndani hakuna mwenye mkono safi kama wako. Waongoze wenzako." Nikatoka kichwa kimevimba hata nikajigonga kizingitini. Sitii chumvi, alama ninayo.

Tulianza na mafundi kumi na wawili. Leo wapo tisa. Watatu wameaga ndani ya miezi mitatu, tena wameaga vizuri, kwa tabasamu. Mmoja alisema macho yamechoka. Juzi nimempita nyumbani kwake, anatunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, huku anaongea na jirani.

Mwenye karakana kaniuliza, "Mbona watu wanakukimbia?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Kasema wakiondoka wawili wengine, narudi kwenye cherehani yangu na usimamizi anapewa mtu mwingine.

Nakuuliza wewe kwa sababu wauguzi wako hawatoki. Shemeji aliniambia yupo mmoja alipata kazi kwingine akalia wiki nzima, mwisho akabaki. Wangu wanaondoka wanapiga mluzi. Unafanyaje mwenzangu? Ningekuuliza kwa simu, lakini sisi wawili kwenye simu tunafika "haya, wasalimie" kabla hatujaanza.

Chumba cha mbele nimekipaka rangi. Nasema tu.

Kaka yako


9 Februari

Kaka,

Nimesoma nimekaa. Hapa kwetu wazima. Shemeji yako anakusalimu, anasema hizo kilo nne zilikuwepo tangu zamani, ila sasa umepata cheo cha kuzibeba. Mpwa wako mkubwa kapata miwani na anatembea kama profesa.

Hongera, na pole. Kwa kazi hii naona salamu hizo mbili huenda pamoja.

Wauguzi wangu hawatoki kwa sababu siwagombezi. Hakuna siri nyingine. Kila mtu namwachia kazi yake.

Nina swali moja tu. Asubuhi unafika karakana saa ngapi?

Likizo mwaka huu ni ngumu.

Mdogo wako


3 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini miwani ya profesa bado nzima. Wifi yako anakusalimu, binti anakusalimu, na pasi yetu mbovu ya karakana nayo ingekusalimu kama isingekuwa imechoma meza.

Saa kumi na mbili. Mafundi wanaingia saa mbili. Ulijuaje kuuliza?

Nitakwambia, lakini shemeji usimsomee hapa. Asubuhi nikifungua mlango, kazi za jana ziko mezani zimekunjwa. Naigeuza moja, naiangalia. Pindo si baya, ila mimi ningelishona vingine. Nachukua wembe, nafumua, nashona upya. Halafu nyingine. Ikifika saa mbili nimeshapiga pasi, nimekunja, nimekaa na kikombe cha chai kama mtu aliyeingia sasa hivi. Wakija nawasifia: kazi nzuri, kazi nzuri sana.

Sasa sikia kilichonipata. Dirishani anakaa fundi mmoja, tunamwita Mama Pacha. Ana miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii, matundu yake ya vifungo unaweza kuyapiga picha ukayatundika ukutani. Wiki iliyopita ameshona sketi nne za kijivu, na uzi wa chini akaweka wa bluu. Makusudi! Mimi nimefika saa kumi na mbili, nimegeuza, nimeona bluu. Mtu mwenye akili angejiuliza. Kaka yako akasema moyoni, jamani, hata rangi hawazioni? Akafumua zote nne akashona kwa kijivu, tena kwa bidii.

Saa mbili Mama Pacha akaja, akazigeuza mbele ya wote.

"Mzee, hizi nani kashona?"

"Si wewe?"

"Mimi niliweka uzi wa bluu."

"Bluu kwenye kijivu? Ndiyo maana..." Nikajing'ata ulimi.

Nyuma huko mtu akasema, "Ndiyo maana nini, Mzee? Malizia, tunakusikiliza."

Mama Pacha hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akasema, "Ningekosea ungeniambia, ningerudia. Hujaniambia kitu. Unanifumulia kazi, halafu unanitazama usoni unaniambia 'kazi nzuri, mama'. Sasa mimi nikirudi nyumbani najua nimeshona nini?" Akavua futi kamba yake shingoni, akanivika mimi, taratibu, kama anavyomfunga mtoto skafu. "Mwezi wa nne ukiisha, naondoka."

Huyo ni wa nne. Bado mmoja nianguke.

Mimi nafanya haya kwa ajili ya wateja, na Mungu anajua. Lakini naona kama naongea mwenyewe. Niwe mkali? Niwe mpole? Niwaitishe kikao? Niambie la kufanya. Wewe umewahi kufanya kazi chini yangu, kule kwenye duka la baba la kushona, na hukuwahi kulalamika hata siku moja.

Kaka yako


21 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nawe natumaini hujambo, ingawa natumaini tu, maana sina habari.

Sijui kama barua ya Machi ilifika. Nimepiga simu mara tatu. Shemeji anasema uko kazini. Mara ya tatu nilisikia sauti yako kwa nyuma ikiuliza ni nani. Nikamwambia shemeji haya, wasalimie.

Wifi yako anasema lazima nimeandika neno baya. Nimeipitia barua yote kichwani na sijaliona. Kama lipo, nionyeshe.

Mama Pacha anamaliza wiki ijayo. Ananiamkia kila siku. Mimi naitikia na kujifanya natafuta mkasi.

Kaka yako


2 Juni

Kaka,

Salamu. Watoto wazima, shemeji yako mzima. Mimi sikuwa mgonjwa wala sikuwa mzima.

Barua yako ilifika katikati ya Machi. Niliisoma nimesimama. Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa sare ya kazi, ikafuliwa humo, nami nikashukuru. Haikusaidia. Ule mstari wa mwisho nilikuwa nimeshaushika kichwani: hukuwahi kulalamika hata siku moja.

Gauni la mama. Kitambaa rangi ya maziwa, vifungo kumi na viwili. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na duka ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na lile lilikuwa vazi la kwanza kulikata na kulishona mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Siku tisa. Nikaliacha mezani nikaenda na mama kumwangalia shangazi hospitali. Tuliporudi limetundikwa, limenyooshwa, na wewe umesimama pembeni unatabasamu. Mama akalivaa, akajizungusha, akalia. Akaniambia, "Mwanangu, una mkono wa baba yako."

Wiki iliyofuata nililifua, nikaligeuza. Unajua mimi nashona kwa kushoto. Mishono yangu ya mkono huwa imelala upande wake, hata kipofu anaweza kuipapasa akajua ni mimi. Ile ilikuwa imelala upande wako. Pindo, mikono, kola. Hukuacha hata mmoja.

Ningesema nini? Nimvue mama gauni? Nimwambie huo mkono aliousifia si wangu? Miezi mitatu baadaye nikaenda chuo cha uuguzi, na nyote mkasema nina wito. Kaka, sikuwa na wito. Nilikuwa natafuta kazi ambayo nikishaifanya kwa mikono yangu, hakuna mtu anaweza kuifumua.

Sasa unaniuliza ufanye nini na watu wako. Hilo silijibu. Nijibu kwanza wewe. Siku ile, nyumbani hakuna mtu, umebaki na gauni langu: uliogopa nini? Na tafadhali usiniandikie habari za wateja. Mama hakuwa mteja.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Wifi yako anakusalimu. Barua yako nimempa aisome. Aliisoma, akavua miwani, akatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado hazijakauka.

Wiki ya kwanza nilisema umekosea, haikuwa hivyo. Wiki ya pili nikasema ilikuwa hivyo, lakini gauni lilikuwa na kasoro, nami nilikusitiri. Nikaanza kuzitafuta kasoro zenyewe. Kola ilivuta? Haikuvuta. Vifungo vilipishana? Havikupishana. Unajua ni kazi gani kutafuta kosa kwenye nguo ya miaka ishirini na sita iliyopita, umekaa kitandani, tumbo mbele? Wiki ya tatu nikachoka, na katika uchovu ule ukweli ukapita mlangoni bila kubisha.

Lilikuwa zuri.

Niliingia kula mchana, nikaliona mezani. Nikaligeuza kama baba alivyokuwa akigeuza kazi zangu, na baba hakuwahi kugeuza kazi yangu asipate cha kusema. Lako halikuwa na cha kusema. Mimi pale nilikuwa nimefika kwa miaka saba ya kupigwa na futi ya mbao vidoleni. Wewe kwa siku tisa, tena kwa kushoto. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kila anayepita ananiita nguzo ya nyumba. Nikajiuliza, kama huyu anaweza hivi, mimi niko humu ndani wa nini? Nikachukua wembe. Na nilipomaliza nilijiona nimekusaidia. Nikakuachia sifa zote, nikajiona mkarimu!

Ndivyo ilivyo na karakana. Saa kumi na mbili huwa siangalii mabaya. Mabaya huwa nayarudisha, nasema wazi, hakuna anayenuna. Ninayoyafumua ni yale mazuri. Sikuwahi kuliona hilo mpaka uliponiuliza.

Basi nimewaambia. Nilisimama mbele ya cherehani nane, nimeandaa hotuba ndefu, nikaisahau. Nikasema, "Nilikuwa nafumua kazi zenu. Hazikuwa mbovu. Nilikuwa naogopa mkiweza bila mimi."

Kisha yule fundi wetu mnene, tunayemwita Daktari kwa sababu mwandiko wake hausomeki, akasema, "Kumbe! Sisi tulijua kwako unafukuzwa alfajiri."

"Mimi nilisema hapewi chai," mwingine akadakia.

"Hapana, wewe ulisema anakoroma, mke kamchoka."

Wifi yako asiyasikie haya. Walicheka, nami nikacheka, lakini wawili hawakucheka, na hao sina neno nao. Ufunguo wa mlango nimempa Daktari. Sasa naingia saa mbili kama wenzangu. Asubuhi nakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono juu ya magoti, sijui niipeleke wapi.

Mama Pacha aliondoka tarehe aliyosema.

Sasa kuhusu wewe na mimi. Lipo neno natakiwa kuliandika hapa. Nimelijaribu na kila nikiliandika linakuwa dogo. Naacha nafasi.

 

Kaka yako


14 Agosti

Kaka,

Wote wazima. Profesa kavunja miwani. Kaikalia.

Nafasi uliyoiacha nimeiona. Niliangalia karatasi tupu pale kwa muda mrefu kuliko nilivyoisoma barua. Usiijaze. Inatosha.

Nami nina langu. Nilikwambia wauguzi wangu hawatoki kwa sababu siwagombezi. Nilikudanganya, au nilikuambia nusu, sijui kipi kibaya zaidi. Wiki moja kabla ya barua yako ya Januari, muuguzi wangu mmoja alikuwa anapima dawa ya mtoto. Nilikuwa nyuma yake. Niliona kipimo kimezidi. Kaka, niliona, nikanyamaza. Nikasema moyoni ataona mwenyewe, ni kazi yake, nisimguse. Hakuona. Mtoto alitapika siku mbili. Alipona, na mama yake akatushukuru, akatuombea dua, mimi nimesimama palepale naitikia amina. Nikaandika taarifa. Sikuandika kwamba niliona.

Nilikuwa nimeapa, tangu lile gauni, kwamba sitagusa kazi ya mtu. Watu wakaniita mpole, nami nikalivaa hilo jina. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nabishana na wewe, hata ndani ya wodi ambayo hujawahi kuikanyaga. Wewe hukuweza kuacha kazi ya mtu, mimi nikashindwa kuigusa hata pale mtoto wa watu anapoumia. Watoto wa baba mmoja kweli.

Nilikwenda kwa mganga mkuu nikamwambia yote. Nimepewa onyo la maandishi na ni haki yangu. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni yule muuguzi nilipomweleza. Nilidhani atalia. Alisimama akanitazama. "Uliona, Sista? Uliona ukanyamaza? Kwa hiyo uliniachia nikosee ili wewe ubaki mzuri?"

Sasa nasema. Bado nasema vibaya, mara nachelewa, mara nakuwa mkali kuliko inavyotakiwa. Mmoja kanuna tangu Jumanne. Acha anune.

Ninazo siku kumi na nne za likizo ambazo sijazigusa. Sijui.

Mdogo wako


25 Septemba

Mdogo wangu,

Wifi yako mzima. Binti yetu kapata kazi, anaondoka mwezi ujao, na mama yake anakunja nguo zake na kuzikunjua. Nyumba itakuwa kubwa ghafla.

Yule wa tano aliondoka Julai, mmoja wa wale wawili wasiocheka. Mwenye karakana hakusahau. Aliniita, nikaingia na ufunguo wa akiba, uliokuwa umebaki kwangu, mkononi ili nimpunguzie aibu ya kuuomba. Akaniuliza, sasa nimweke nani? Nikamtajia jina. Akasema, "Si alishaondoka?" Nikasema mfuate. Akasema, "Alikukimbia wewe." Nikasema ndiyo maana mfuate, hatakuwa na cha kukimbia tena.

Kwa hiyo msimamizi wetu ni Mama Pacha, na pale dirishani pake nimekaa mimi. Jumatatu alisimama nyuma yangu, akageuza shati nililomaliza. "Mzee, kola inavuta. Rudia." Akaenda zake. Mbele ya watu wote! Nikarudia. Ilikuwa inavuta kweli. Nakwambia, nilirudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyenyolewa. Daktari naye hunipa kazi zake niziangalie, ila kwa sharti: "Mikono mfukoni, Mzee. Angalia kwa macho na useme kwa mdomo." Nasema kwa mdomo. Wanarekebisha wenyewe, au wanakataa, na mara nyingine wakikataa wanakuwa wamepatia. Hakuna aliyeondoka tangu hapo. Huenda sasa ndiyo nawasaidia, na cheo sina.

Nakuandikia haya nikiwa nakukwepa, kama kawaida. Nimekupakia rangi chumba, nimekupigia simu nikazungumza na mumeo, nimekuandikia kurasa za sketi na pasi, na mwaka mzima sijaandika jambo lenyewe. Siku tuliyomzika mama, miaka tisa sasa, ulikaa siku mbili. Nilikubebea begi mpaka stendi, na njia nzima nilikueleza bei ya vitambaa. Basi lilipoondoka nililitazama mpaka likakata kona. Kisha nikabaki naitazama kona. Mwenye duka pale akaniuliza kama namsubiri mtu. Nikamwambia hapana.

Nilimdanganya. Nina hamu na wewe. Sihitaji ushauri, karakana inaendeshwa na anayejua. Nataka kukuona umekaa, unanisema, unakata kitu kwa huo mkono wa kushoto, nami niko upande wa pili wa meza, nimenyamaza.

Hizo siku kumi na nne, zilete. Na safari hii usinijibu kwa barua.

Kaka yako